IBN BATTUTA, KADHI ALIYEPITA KILWA

Kila mtoto aliyesoma historia katika pwani hii ya Kilwa na Lindi amepata kulisikia jina la Ibn Battuta. Twafundishwa kwamba alikuwa msafiri, kwamba alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kuwa ni mmoja wa miji mizuri, kisha akaenda zake. Katika mtihani jambo hilo lina alama moja au mbili, na mwanafunzi akisha kuziandika humwacha Ibn Battuta aende na jahazi lake. Lakini ni wachache wanaouliza mtu huyu alikuwa akila nini njiani, nani alimlipia nauli, na kazi yake hasa ilikuwa ni kazi gani. Jibu ni kwamba alikuwa mtu wa sheria. Aliisomea sheria, akaishi kwa sheria, akatajirika kwa sheria, na siku moja kazi hiyo hiyo nusura imtie katika mikono ya wauaji.

Nimeonelea vema nieleze maisha yake kwa njia hiyo kwa kuwa sisi wa Kidato cha Nne mwaka huu tunachagua masomo ya Kidato cha Tano, na bwenini hakuna jambo linalobishaniwa usiku kama hili la kusomea sheria. Wanaoitaka husema kwamba wakili ana heshima na watu humhitaji siku zote. Wanaoikataa huhesabu miaka: miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita, mitatu au minne ya Chuo Kikuu, kisha mwaka mwingine katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambako bila kufaulu hapo mtu hawi wakili. Na hao hawakosi kukumbusha habari za Oktoba 2022, yalipotangazwa matokeo ya taasisi hiyo: kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Makelele yalikuwa makubwa hata serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Basi na tumtazame mtu wa zamani aliyeishika njia hiyo, tuone ilimgharimu nini.

Jina lake lilikuwa Muhammad bin Abdallah, wa kabila la Lawata katika Waberberi. Alizaliwa tarehe 24 Februari mwaka 1304 katika mji wa Tangier, huko Moroko, mahali ambapo bara letu la Afrika linatazamana na Ulaya kwa karibu sana. Katika ukoo wake walikuwamo makadhi, na yeye naye akafundishwa Kurani na elimu ya fikihi kwa madhehebu ya Imam Malik. Sisi wa pwani hii wengi ni wa madhehebu ya Imam Shafii, na msomaji alikumbuke jambo hilo, maana mbele litakuwa na kazi.

Tangier haukuwa mji wa wanachuoni wakubwa. Kijana wa huko aliyetaka elimu ya sheria ya kumtosha kuhukumu watu ilimpasa aende Mashariki, Misri na Shamu na Makka, ambako walimu mashuhuri walikaa misikitini, kila mmoja kwenye nguzo yake, na wanafunzi wakimzunguka. Ada kama hizi zetu haikuwako. Madrasa nyingi zilikuwa na mali ya wakfu, yaani mashamba na maduka yaliyotolewa na matajiri, na mapato yake yaliwalisha walimu na wanafunzi. Mwanafunzi akisha kukisoma kitabu mbele ya mwalimu alipewa ijaza, ambayo ni hati ya kuonyesha kwamba amekisoma kwa fulani, naye fulani alikisoma kwa fulani, mpaka kumfikia mtungaji mwenyewe. Mtu asidhani basi kwamba elimu ile ilikuwa ya bure. Gharama yake ilikuwa njia. Ilikuwa homa, wanyang'anyi, bahari, na kuwaacha wazee nyumbani bila kujua kama mtaonana tena.

Ibn Battuta aliondoka kwao tarehe 14 Juni mwaka 1325 akiwa na miaka 21. Nia yake ilikuwa kuhiji na kutafuta elimu. Alitoka peke yake, bila msafara wala rafiki, na baba na mama yake walikuwa hai wote wawili. Hakuwaona tena.

Safari ile ilianza vibaya. Alipofika Bijaya, katika nchi ya Algeria ya leo, akashikwa na homa kali. Akashauriwa apumzike mpaka apone, akakataa. Akauza punda wake na mizigo mizito, akaazimwa mnyama na hema, na homa ilipozidi alijifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba chake asije akaanguka. Katika mji wa Constantine liwali aliona jinsi nguo zake zilivyoloa mvua na kuchafuka, akampelekea nguo mpya ambayo pembeni mwake zilikuwa zimefungwa dinari mbili za dhahabu. Alipoingia Tunis watu wa mji walitoka kuwalaki wenzake, wakaamkiana na kukumbatiana, naye hapana hata mmoja aliyemjua. Akalia machozi mpaka haji mmoja akamwona, akaja kumliwaza. Nadhani kila mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyeshushwa na basi hapa shuleni na sanduku lake jioni ya siku ya kwanza anaijua hali hiyo, wala hahitaji kuelezwa.

Lakini tazama kilichofuata. Msafara wa mahujaji ulipotoka Tunis ulihitaji kadhi, mtu wa kuamua ugomvi, kuandika wasia wa wanaokufa njiani na kufungisha ndoa. Akachaguliwa yeye. Alikuwa kijana ambaye hakuwa amekanyaga chuo chochote kikubwa, ila alikuwa na fikihi aliyoipata nyumbani, na katika jangwa hiyo ilitosha. Njiani akaoa binti wa mtu mmoja wa Tunis, akagombana na mkwewe, akamwacha mke, akaoa binti wa mwanafunzi wa Fez, na msafara mzima ukasimama siku moja kwa karamu ya harusi. Kwa maoni yangu kadhi huyu alikuwa na haraka sana katika mambo hayo, na haraka hiyo haikumtoka mpaka uzeeni.

Aliingia Dameski mwezi wa Ramadhani, Agosti 1326, akakaa huko siku 24. Katika msikiti mkubwa wa Bani Umayya alisomewa kitabu cha Hadithi cha Imam Bukhari katika vikao 14, na akapata ijaza za walimu wengi, na miongoni mwa walimu hao walikuwamo wanawake wawili. Wako wanaoshangaa ijaza zote hizo kupatikana katika siku chache hivyo, na kweli ni ajabu, kwani wanafunzi wengine walikaa miaka kumi kwenye nguzo zile. Fedha zilimwishia. Tena akaugua. Mwalimu mmoja wa madhehebu ya Maliki, Nuruddin al-Sakhawi, alimchukua nyumbani kwake, akamwuguza, na mahujaji walipokuwa wakiondoka akampa ngamia na chakula na fedha juu yake. Ukihesabu watu waliomlipia Ibn Battuta masomo yake, huyu ni wa kuandikwa juu kabisa.

Kutoka hapo alihiji, akazunguka Iraki na Uajemi, kisha akarudi Makka akakaa muda mrefu akisoma. Ndipo akaanza kuelewa thamani ya alichonacho. Sheria ya Kiislamu siku zile ilikuwa ikihukumu watu kutoka Tangier mpaka Delhi. Mfanyabiashara wa Aden aliyekufa Mombasa, mirathi yake ilihitaji kugawanywa. Jahazi lililozama lilikuwa na mali ya watu watano. Mkopo ulihitaji mashahidi. Kila bandari ilihitaji mtu ajuaye mambo hayo, na mtu huyo hakuulizwa amezaliwa wapi. Leo wakili wa Tanzania akivuka bahari hawi wakili huko aendako mpaka atimize masharti ya nchi ile. Ijaza ya Ibn Battuta ilivuka bahari zote.

Basi akashuka Bahari ya Shamu, akapita Yemeni na Aden, akapanda jahazi kuja pwani hii. Mogadishu ilikuwa desturi kwamba mfanyabiashara akishuka hupokewa na mwenyeji wake, lakini waliposikia kwamba mgeni huyu ni mtu wa fikihi, kadhi mwenyewe alikuja kumchukua na wanafunzi wake, akapelekewa habari Sultani, akalazwa katika nyumba ya wanafunzi. Hapo aliletewa wali wa samli, na juu yake kuku na nyama na samaki, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili na tangawizi na maembe. Sisi tunaokula katika bwalo letu tunaisoma sehemu hiyo kwa taratibu.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Kisha akaja Kilwa.

Mtu akitoka Kilwa Masoko kwa mashua hufika Kisiwani kwa muda mfupi, na darasa letu lilikwenda huko na mwalimu wetu wa historia. Ule Msikiti Mkuu wenye makuba, sehemu yake kubwa iliongezwa na Sultani aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika, naye ni Sultani Hassan bin Suleiman. Na juu ya jabali, upande mwingine, ziko kuta za Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea lenye pembe nane, ambalo nalo ni la Sultani huyo. Magofu haya pamoja na ya Songo Mnara yaliwekwa mwaka 1981 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Ibn Battuta aliandika kuwa nyumba za Kilwa ni za miti, wala hakutaja mawe hayo ambayo sisi tunayagusa mpaka leo. Wengine husema alisahau, maana aliieleza safari hii zaidi ya miaka 20 baadaye. Wengine husema watu wengi wa mji walikaa katika nyumba za miti na udongo, na hilo nalo ni kweli.

Utajiri wa Sultani ulitokana na dhahabu iliyopitia Sofala. Naye alikuwa mkarimu mno, hata akapewa jina la Abul Mawahib, maana yake baba wa zawadi. Masharifu walikuja kwake kutoka Hijazi na Iraki, na wanachuoni aliwaheshimu na kula pamoja nao. Ibn Battuta asimulia kwamba Ijumaa moja, Sultani akitoka msikitini, fukara mmoja wa Yemeni alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani ya nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akampa yule fukara zile zake. Watu wakashukuru sana. Mwana wa Sultani akazikomboa zile nguo kwa kutoa watumwa kumi, na Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Yafaa tutulie hapo kidogo. Vitabu vingi husimulia habari hii ili kuonyesha ukarimu wa Kilwa, na ukarimu ulikuwako. Lakini waliotolewa zawadi walikuwa watu 20, waliotekwa katika vita alivyopigana Sultani na watu wa bara, na kadhi aliyeziandika habari hizi hakuona ajabu yoyote. Katika karne ya 19 Kivinje ikawa bandari kubwa ya biashara hiyo, na wako wanafunzi katika shule hii ambao babu zao walipitishwa hapo wakiwa wamefungwa. Ibn Battuta mwenyewe alimiliki watumwa karibu kila mahali alipokaa. Alijua sheria sana, na sheria aliyoijua haikumkataza.

Sultani Hassan alipokufa, nduguye Daudi akatawala, naye alikuwa kinyume chake. Wageni waliokaa miezi mingi wakingoja kupewa walipata kidogo sana, mpaka wakaacha kuja. Hapa pana somo ambalo Ibn Battuta hakulishika mapema: mwanachuoni anayeishi kwa ukarimu wa mfalme, riziki yake hufa siku mfalme afapo.

Kutoka Kilwa alirudi Arabuni kwa pepo za kusi, akapita Dhofar na Oman, akahiji tena, akaenda nchi za Waturuki na Asia ya kati, na mwezi wa Septemba 1333 akafika mto wa Indus. Alikuwa amesikia kwamba Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, huwapenda watu wa sheria wa nchi za mbali na kuwapa vyeo vikubwa. Lakini mlangoni mwake haikuingiwa mikono mitupu. Mgeni alitakiwa kuleta zawadi, na Sultani alirudisha zawadi kubwa zaidi. Kwa hiyo wafanyabiashara wa mpakani walifanya kazi ya kuwakopesha wageni farasi na ngamia na fedha, wakilipwa na faida mgeni akisha kupata. Ibn Battuta alimkopa mfanyabiashara mmoja wa Iraki farasi wapatao 30 na ngamia mwenye shehena ya mishale. Yule mtu alilipwa baadaye, akatajirika kwa biashara hiyo. Miaka mingi ikapita, wakakutana Halab, na Ibn Battuta alikuwa amenyang'anywa kila kitu njiani. Yule tajiri hakumsaidia hata kidogo.

Nilipoisoma habari hii nilimweleza baba wakati wa likizo. Baba yangu analima korosho na ufuta, na fedha za korosho, kama wazazi wengi wanaosoma gazeti hili wajuavyo, huja kwa msimu mara moja kwa mwaka, zikangojewa na madeni ya mwaka mzima. Yeye hakucheka. Alisema kwamba mkopo wa yule Ibn Battuta anauelewa vizuri sana, kwani mtu hukopa kwa matumaini ya kitu ambacho yuko mwingine mwenye kukitoa au kukizuia. Akaniuliza kama Bodi ya Mikopo ikinipa sehemu tu ya ada, sehemu iliyobaki itatoka wapi kwa miaka minne. Na kama nikiwa mmoja wa wale 265, deni litaondolewa pamoja nami? Nilimjibu kwamba deni hubaki. Akasema basi tuendelee kufikiri. Mama kwa upande wake alisema kwamba kiwanja cha marehemu babu kilichukuliwa kwa sababu hapakuwa na mtu katika ukoo aliyejua kuisoma karatasi iliyoletwa, na hayo nayo tukayaweka katika mizani.

Tumrudie kadhi wetu. Mwaka 1334 Sultani alimfanya kadhi wa Delhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka, na dinari 12,000 nyingine akapewa mkononi papo hapo. Shida ilikuwa kwamba yeye ni Maliki na watu wa Delhi ni Hanafi, tena Kiajemi, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya wakubwa, hakukijua vizuri. Alipomweleza Sultani hayo akapewa manaibu wawili wa kufanya kazi, naye abaki na cheo na mshahara. Watu walihukumiwa na kadhi ambaye hakuyaelewa maneno yao. Sisi tusicheke sana, kwani hapa nchini mpaka Bunge lilipobadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, hukumu za mahakama za juu zilikuwa zikiandikwa kwa Kiingereza, na wengi walioshinda au kushindwa ilibidi waambiwe na mtu mwingine.

Fedha zile hazikumtosha. Alitumia kama mtu asiyejua kesho, na deni lake likafikia dinari 55,000. Alitunga kasida ya Kiarabu kumsifu Sultani, Sultani akaahidi kulipa, lakini malipo yakachelewa. Ndipo akafanya hila. Ilikuwa desturi kwamba mdai akimngoja mdeni wake mlangoni pa Sultani na kumwita kwa jina la Sultani, mdeni hawezi kuingia mpaka alipe au aombe muda. Akapatana na wadai wake wenyewe wafanye hivyo mbele ya watu, habari zikamfikia Sultani, na mwishowe deni likalipwa. Ndiyo kazi ya uwakili aliyoifanya kwa ustadi kuliko zote, na mteja alikuwa ni yeye mwenyewe.

Lakini Sultani Muhammad alikuwa mtu wa namna mbili: mkono mmoja ulitoa dhahabu, mwingine ulichinja. Sheikh mmoja, Shihabuddin, alikataa kumtumikia akamwita dhalimu. Akateswa na kuuawa. Ibn Battuta alikuwa amemtembelea sheikh huyo siku moja pangoni kwake. Kwa sababu hiyo tu akawekewa walinzi, na waliowekewa walinzi wa namna ile mara nyingi hawakupona. Alifunga siku tano, akisoma Kurani na kuomba, maji tu yakipita kinywani, mpaka akaachiliwa. Kisha akaacha kazi, akagawa mali yake, akavaa nguo za fukara, akakaa miezi mitano na mcha Mungu mmoja pangoni. Katika maisha yake yote mimi naona hii ndiyo miezi aliyopata kujiuliza kama ile njia ilikuwa na faida.

Hata hivyo Sultani alipomwita awe balozi wake kwenda China, alikubali. Msafara ulitoka Delhi mwaka 1342. Siku chache baadaye akatekwa na wanyang'anyi, akaponea chupuchupu, akatangatanga siku nane bila viatu mpaka mtu mmoja akambeba. Kalikati, katika pwani ya Malabari, alibaki ufukoni ili asali Ijumaa, na tufani ikaivunja merikebu iliyokuwa na zawadi za Sultani, na chombo kingine kilichokuwa na mali yake kikang'oa nanga kikaenda bila yeye. Akabaki na dinari kumi na mkeka wa kulalia. Aliogopa kurudi Delhi kueleza.

Hapo elimu yake ikamwokoa tena. Alivuka mpaka visiwa vya Maldivi, na watu wa huko walipojua kwamba alikuwa kadhi wa Delhi hawakutaka aondoke. Wakamfanya kadhi wao, wakamwoza, akawa na wake wanne. Alikuwa mkali. Wasiokuja sala ya Ijumaa waliadhibiwa na kutembezwa sokoni. Aliondoa desturi ya mwanamke aliyeachwa kubaki nyumbani kwa mume wa zamani mpaka aolewe na mwingine. Alipoamuru mwizi akatwe mkono, watu kadhaa waliokuwa barazani wakazimia. Aliwaamuru wanawake wajifunike sehemu ya juu ya mwili, akashindwa kabisa, na ni yeye mwenyewe aliyekiri kushindwa. Baada ya muda akagombana na waziri, akaondoka. Kadhi wa kuletwa na bahari hana jamaa wa kumsimamia siku wakubwa wanapomgeukia.

Nitapita upesi habari za Seilani, Bengali, Sumatra na China, kwani huko alikwenda kama mgeni tu wala hakuhukumu. Mwaka 1348, akiwa njiani kurudi, alifika Dameski wakati wa tauni kubwa iliyoua watu wengi mno. Zamani aliacha mke katika mji ule, na alipokuwa India alisikia kwamba amezaa mtoto wa kiume, akatuma dinari 40 za dhahabu. Sasa akauliza habari za mtoto, akaambiwa amekufa miaka kumi na miwili nyuma. Hapo hapo akaambiwa na mtu wa Tangier kwamba baba yake alikufa yapata miaka kumi na mitano iliyopita, na mama yu hai. Akashika njia ya kwenda kwao. Mwaka 1349, akiwa katika mji wa Taza, karibu kabisa na nyumbani, akapata habari kwamba mama naye amekufa kwa tauni ile ile. Aliingia Tangier kuzuru kaburi lake.

Baada ya hayo alikwenda Andalusi, na kati ya mwaka 1352 na 1353 akavuka Sahara mpaka Mali. Alikuwa ametembea zaidi ya kilomita 100,000, na alirudi bila mali ya maana. Sultani wa Moroko akaamuru habari zake ziandikwe. Yeye alisimulia, na karani mmoja, Ibn Juzayy, akaandika. Kitabu kikaisha Desemba 1355. Watu wa baraza ya mfalme walinong'ona kwamba mengi ni uongo, hasa habari za utajiri wa Delhi. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyekuwa kijana wakati ule, amelitaja jambo hilo. Ibn Battuta hakubishana nao. Alipewa ukadhi katika mji mmoja wa Moroko, kazi ambayo angeweza kuipata bila kutoka mlangoni kwao, akahukumu kesi za mashamba na mirathi mpaka alipofariki, mwaka 1368 au 1369 kama wengi wanavyosema.

Kitabu chake kilikaa karne nyingi bila kujulikana sana. Katika karne ya 19 Wafaransa walipata nakala zake huko Algeria, kikapigwa chapa Paris katika majuzuu manne kati ya mwaka 1853 na 1858. Ndivyo habari za Ijumaa ile ya Sultani Hassan na yule fukara zilivyorudi Kilwa, zikatukuta katika vitabu vya darasani, wakati msikiti wenyewe ulikwisha kuwa gofu.